Gari la Babu: Tulitunze au Tulitoe?



Mwezi uliopita nilimpeleka mama Dar es Salaam kwa matibabu. Tulifikia kwa dada yangu mkubwa. Anaishi Kariakoo, si mbali na viwanja vya Mnazi Mmoja, penye mnara wa Mwenge wa Uhuru. Amepanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili. Nyumba ina ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma.

Usiku tulitafuta mahali pa kutandika godoro la mama. Hapakuwa na nafasi. Kati ya kitanda na kabati palikuwa na gari la mbao.

Gari hilo alilitengeneza marehemu baba mwaka 2003. Alimtengenezea mpwa wangu, mjukuu wake wa kwanza. Lina urefu wa futi 4. Mtoto mmoja hukaa ndani, mwenzake husukuma. Usukani ni ukingo wa beseni kuukuu. Mbele pana ubao. Hapo baba aliandika jina la mjukuu wake kwa rangi nyekundu. Mpwa wangu sasa ni mtu mzima. Anafanya kazi Mwanza.

Nilishauri gari tuliweke ukumbini. Dada alikataa. Alisema wapangaji watajikwaa usiku. Alisema kweli. Tena, watu wa pale wanaujua moto. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021. Katika nyumba yenye watu wengi, njia ya kutokea lazima iwe wazi.

"Basi tulipasue kuni," nikasema.

Dada alinyamaza. Kisha akasema, "Mdogo wangu, baba hakuniachia kitu kingine."

Nilijuta kusema vile. Usiku ule mama alilala kitandani. Dada alilala ameketi. Mimi nilikwenda kulala kwa rafiki.

Asubuhi mama alituita. Alisema, "Wanangu, baba yenu alitengeneza gari ili lisukumwe. Sasa nani analisukuma?"

Hatukuwa na jibu. Dada akampigia simu mwanawe, maana gari ni lake. Kijana alisema, "Mama, niwekee ubao wenye jina langu. Gari wape watoto."

Tukaamua kulipeleka kijijini kwetu, kwenye darasa la awali. Lakini kabla ya kulipakia, nililikagua. Nawe ukiwa na kitu kama hicho, kagua mambo haya matatu.

1. Wadudu. Tazama kama mbao zina matundu madogo na unga. Yuko mdudu aitwaye dumuzi. Wengine humwita Skania. Wataalamu walimtambua mkoani Tabora mwaka 1981. Dumuzi hula mahindi na muhogo mkavu. Tena hutoboa mbao na huweza kuishi humo. Ukiweka mbao zenye dumuzi karibu na ghala, unahatarisha chakula cha mwaka mzima. Ubao wa nyuma wa gari letu ulikuwa na matundu. Sikusubiri kujua ni mdudu gani. Niliung'oa na kuuchoma moto. Ubao huo haukuwa na rangi.

2. Misumari. Ng'oa misumari iliyochomoza. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na vumbi. Huingia mwilini kwa njia ya kidonda. Mtoto akichomwa msumari, osha kidonda kwa maji na sabuni, kisha mpeleke zahanati.

3. Rangi. Baadhi ya rangi za zamani zina madini ya risasi. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto. Rangi ikibanduka, usimpe mtoto kifaa hicho. Usiikwangue kavu, na usichome mbao zake. Gari letu lilikuwa na rangi mahali pamoja tu, kwenye ubao wa jina. Ubao huo tuliung'oa. Sasa umetundikwa juu ukutani, watoto hawaufikii.

Pengine nawe una kitu cha namna hii. Usikitupe kwa hasira, wala usikiweke kwa woga. Jiulize: Mwenyewe ni nani, naye anasemaje? Nani anakitumia? Kinamzuia nani? Je, ipo sehemu ndogo inayotosha kwa ukumbusho?

Tusidhani mchezo ni upuuzi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja wajibu wa mzazi. Imo chakula, mavazi, matibabu na elimu. Imo pia haki ya mtoto ya kucheza na kupumzika.

Wiki iliyopita nilipita shuleni. Watoto wanne walikuwa wamejipanga kungoja zamu. Nilimpigia dada simu, akasikia kelele zao. Alicheka, kisha akalia kidogo. Akaniambia mama amelala vizuri, kwenye godoro lake, pale lilipokuwa gari.

Kitu cha marehemu kikitumika vema, marehemu hajasahauliwa.

Tuonane mwezi ujao.

Bwana Shamba wenu