Uyoga wa porini uwekewe kumbukumbu



Naomba nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni kumbukumbu za uyoga wa porini.

Hapa Ilagala, mvua zinapoanza, akina mama na watoto huingia porini kuchuma uyoga. Upo wa kwenye vichuguu na upo unaoota chini ya miyombo. Wazee wanajua upi unaliwa na upi unaua. Lakini elimu hiyo imo vichwani mwao tu. Mzee akifa, huenda nayo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hebaria, yaani ghala la kuhifadhia mimea iliyokaushwa. Uyoga huhifadhiwa kwa namna hiyo hiyo: hukaushwa, ukatiwa katika bahasha pamoja na maelezo ya mahali ulipookotwa, tarehe, aliyeuokota, miti iliyokuwa karibu na rangi yake ulipokuwa mbichi. Bila maelezo hayo sampuli haina faida kubwa, maana uyoga ukikauka hubadilika rangi na umbo.

Tutazame mfano wa jirani zetu. Uyoga mkubwa wa vichuguu, ambao kofia yake huweza kukaribia mita moja, ulipewa jina la kitaalamu, Termitomyces titanicus, mwaka 1980 kutokana na sampuli za Zambia. Je, wananchi wa huko hawakuwa wakiula miaka mingi kabla ya hapo?

Kwetu, mwaka 2003 Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi walitoa kitabu juu ya uyoga wa Tanzania. Wanastahili pongezi. Lakini kitabu hicho ni cha Kiingereza, na mwanakijiji wa kawaida hawezi kukisoma.

Wakati huo huo miyombo inakatwa kwa mkaa na mashamba, na vichuguu vinachimbwa kupata udongo wa matofali. Uyoga wa vichuguu hauoti pasipo mchwa, na uyoga mwingi wa miyombo hutegemea mizizi ya miti hiyo. Miti ikiisha, nao umekwisha.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, wataalamu watufundishe walimu wa vijijini kukausha uyoga na kuandika maelezo yake. Kazi hii si ngumu: mwanafunzi akilaza kofia ya uyoga juu ya karatasi nyeupe usiku kucha, asubuhi ataona vumbi la mbegu zake, na rangi ya vumbi hilo husaidia kuutambua. Pili, majina ya Kiha, Kitongwe na Kibembe yaandikwe pamoja na jina la kitaalamu. Tatu, majibu yarudishwe kijijini kwa Kiswahili, hasa kuhusu uyoga wenye sumu.

Wazee wetu bado wapo. Waulizwe sasa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ilagala, Kigoma.