Yule Mwanamume Alikuwa Wapi?



Wapendwa, katika sura ya 8 ya Injili ya Yohane analetwa mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi, akasimamishwa mbele ya watu. Kitabu cha Walawi kiliwahukumu wote wawili, lakini waliomleta walikuja na mmoja tu. Swali la yule mwingine limetukaa moyoni juma hili, maana huku Ufipa nasi hufanya vivyo hivyo. Binti wa kidato cha pili akipata mimba, huondolewa kwenye kwaya, na jina lake husemwa kisimani, mashineni na hata jumuiyani. Mwanamume, mara nyingi mtu mzima mwenye pikipiki au duka, huendelea kukaa benchi la mbele.

Si jambo la binti mmoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa mkoani Rukwa wasichana 30 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Wastani wa nchi ulikuwa 22.

Tunajua yanakoanzia. Sekondari ya kata iko mbali, bweni hakuna, mzazi anampangia binti chumba, wenyewe huita geto, anamwachia debe la unga na kurudi shambani. Unga ukiisha kabla ya mwezi, atakayemsaidia hamsaidii bure. Kuna VVU. Kuna nyonga ambazo hazijakomaa, uchungu wa siku mbili, mtoto kufa tumboni na mama kubaki na fistula. Matibabu yake hutolewa bure CCBRT, lakini Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Sumbawanga, na mwenye aibu hata zahanati ya kijiji haifikii.

Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inampa miaka 30 jela anayempa mwanafunzi mimba. Adhabu hiyo nzito imewafundisha watu kumalizana nyumbani: ng'ombe wawili, binti anaambiwa aseme hamjui mhusika, na kesi inakufa kwa kukosa shahidi. Tunaona haya kukiri kwamba viongozi wetu wa jumuiya wamewahi kuitwa kushuhudia makubaliano hayo, wakaenda.

Wazazi hutuambia kwamba kusema na watoto juu ya miili yao ni kuwafundisha uasherati. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitaka vijana wapewe malezi ya kijinsia yenye busara kadiri wanavyokua. Ni zaidi ya nusu karne, na sisi mapadre bado tunawaachia simu kazi hiyo. Tangu Novemba 2021 Serikali imemruhusu binti aliyejifungua kurudi darasani. Je, kwaya itamfungia mlango ambao shule imemfungulia?

Parokiani kwetu hataondolewa tena. Kiongozi atakayeshuhudia makubaliano ya ng'ombe atajiuzulu. Na wale wanaokuja ofisini jioni kutuomba cheti cha ubatizo chenye mwaka uliorudishwa nyuma, ili binti aonekane mtu mzima, wasije. Tarehe imo katika daftari, na mahakama ikiihitaji tutaipeleka wenyewe.