Neno na Wenyewe

Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Tanga anayeishi na aila yake Marekani, ametuletea swali lililotushughulisha juma zima. Bintiye wa miaka 13 alitakiwa na mwalimu asome mbele ya darasa maana ya neno moja katika kamusi. Kabla ya maana palikuwa na alama mbili. Ya kwanza ilisema neno hilo ni la misimu, yaani lugha ya mitaani. Ya pili ililinasibisha na Kiingereza cha Wamarekani weusi. Darasa zima likageuka kumtazama yeye, ambaye neno lenyewe hajapata kulitamka maishani mwake. Mama anauliza: je, alama ile si katika zile lakabu mbaya tulizokatazwa kuitana katika Suuratul Hujurat?

Tunaomba kwanza tutenganishe mambo mawili: kutaja neno limetoka kwa nani, na kulihukumu.

Wanazuoni wa Kiarabu walilijua jambo hili zamani. Ibn Manzur, aliyeandika Lisanul Arab katika karne ya 7 Hijria, hutaja mara kwa mara kwamba neno fulani ni la Hudhayl, au la Tamim. Hatujapata kusikia kwamba Hudhayl walihesabu hayo kuwa ni tusi. Kabila lao lilikuwa miongoni mwa yale yaliyotegemewa kwa ufasaha. Lakini wanazuoni haohao walikuwa na hukumu nyingine, “lugha radia”, lugha mbaya, na baadhi ya matamshi ya makabila yakahesabiwa kuwa ni ila. Kutaja kabila kulikuwa ushahidi. Kusema “mbaya” kulikuwa rai ya mtu.

Sasa turudi Marekani. Kiingereza cha Wamarekani weusi si misimu. Ni lahaja yenye sarufi yake, na Mswahili ana njia nyepesi ya kulifahamu hilo. Mwenye lahaja hiyo akisema “he be working”, msikilizaji asiyejua hudhani amekosea. Kumbe anasema “hufanya kazi”, ndiyo desturi yake, si “anafanya kazi” sasa hivi. Ile “hu-” yetu wao wanayo, na Kiingereza sanifu hakina alama yake moja kama hiyo. Kutolijua hili kumewagharimu watoto. Katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan, wazazi weusi waliishitaki bodi ya shule, na mwaka 1979 jaji Charles Joiner akaamuru walimu waizingatie lugha ya nyumbani ya watoto wanapowafundisha kusoma.

Kwa hiyo kosa tunaliona pale alama mbili zinapofungwa pamoja kila mara, hata msomaji akatoka na fikra kwamba watu hao usemi wao wote ni wa vijiweni. Hapo mama ana haki ya kuudhika.

Je, jina la jamii lifutwe? La. Chukueni neno “woke”, linalosikika leo vinywani mwa wanasiasa, mara nyingi kwa kejeli. Mwaka 1962 mwandishi mweusi William Melvin Kelley alilitumia katika kichwa cha makala yake katika gazeti la New York Times, makala iliyohusu jinsi maneno ya weusi yanavyochukuliwa na wengine. Kamusi ya Oxford iliiingiza maana yake ya kuwa macho dhidi ya dhuluma mwaka 2017. Ukifuta asili yake, unawanyang'anya walioliunda. Wenyewe hawataki lifutwe: mwaka 2022 ilitangazwa kamusi maalumu ya Kiingereza chao, na mhariri wake mkuu ni Henry Louis Gates, Mmarekani mweusi.

Lililo bora, kwa rai yetu, ni neno lililokwisha kuenea kwa watu wote asili yake iandikwe katika historia ya neno, isitangulie mbele ya maana kama onyo. Na “misimu” iwe sifa ya neno lenyewe, pale tu linapostahili.

Ama kuhusu darasa lile, kamusi haikumtaja binti yule. Waliogeuza shingo ni wanafunzi, na mwalimu akanyamaza. Tunamshauri dada yetu aende shuleni mwenyewe, kwa upole, amweleze mwalimu tofauti ya lahaja na misimu. Na binti akiwa radhi, apewe dakika chache awafundishe wenzake hiyo “hu-”.