Afya ya Familia: Mtu akizama tufanye nini?

Sisi wa Chula, Chovai, Koyama na Kismayo tumekulia majini. Lakini hata baharia huzama akimwokoa mwenziwe, basi tusijitose ovyo. Tupige kelele, tumrushie kamba au dumu tupu lililofungwa, au tumnyoshee kasia tukiwa tumelala chini.

Akitolewa, tusimning'inize wala kumkamua tumbo. Yale maji yanaweza kuingia mapafuni. Hapumui? Tumbane pua, tumpulizie mdomoni mara 5, kisha tukandamize kifua katikati mara 30, pumzi 2, hivyo hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

Na hapa kambini, mvua ikijaza mashimo, tuchunge watoto: mtoto huzama kimya kimya.