Anayeinua utepe

UPEPO WA KIVUKONI
Na Athumani Kigalu

Wiki hii nimemwona muungwana mmoja akivunja sheria kwa heshima zote. Ilikuwa pale Fire, Dar es Salaam, asubuhi, baada ya usiku wa mvua. Utepe wa polisi umefungwa kutoka nguzo ya taa hadi kwenye pipa, askari amesogea pembeni kujikinga manyunyu, na maji ya Jangwani yametanda barabarani hadi huoni lami inaishia wapi na mto Msimbazi unaanzia wapi. Akaja mama mmoja na mtoto wa shule, mtoto kabeba begi mgongoni na viatu mkononi. Yule muungwana, shati jeupe, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni, akaushika utepe kwa vidole viwili na kuuinua juu kama anamfungulia mgeni pazia la sebuleni. "Pita mama, pita. Maji ya magoti tu hayo."

Mama akapita. Mtoto naye akapita, wala hakuhitaji kuinama. Nyuma yao likafuata kundi zima lililokuwa limesimama kwa adabu likimsubiri mtu wa kwanza. Magoti ya nani hayo, jamani? Maji yanayonifika mimi magotini yule mtoto yanamfika kiunoni, na begi lina madaftari ya kumvuta chini. Lakini aliyesema ana kitambulisho shingoni, kwa hiyo hoja ikawa imepita bila kupingwa.

Niseme mapema, msije mkanisubiri hadi mwisho. Anayepita mahali palipofungwa ni mjinga wa nafsi yake, na mtu wa namna hiyo naweza kumwombea dua. Ninayemtaka mimi ni yule anayewainulia wenzake utepe. Ningekuwa hakimu pale Kisutu, huyo ningempa muda mrefu wa kutafakari, tena mahali pakavu.

Mimi nina ugonjwa wa kusimama na kutazama. Basi nikasimama. Na mahali penyewe panastahili kusimama, maana Fire panaitwa Fire kwa sababu ya kituo cha Zimamoto kilichopo hapo. Yaani watu wanainama chini ya utepe mbele ya pua ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, wakielekea mahali ambapo jeshi hilohilo litakuja kuwavua kwa kamba. Wenyewe wanaona ni ukaribu wa huduma.

Biashara ilikuwa imeshachangamka. "Buku, buku, kavu mpaka Magomeni!" Vijana wa mikokoteni, ambao siku nyingine wanabeba marobota ya mitumba Kariakoo, leo wanabeba watu. Asiye na imani na mkokoteni anabebwa mgongoni, na bei ya mgongoni inategemea uzito na suti. Nilimwona mkubwa mmoja wa umbo, suti ya kijivu, soksi mfukoni, yuko juu ya mgongo wa kijana ambaye ni nusu yake, huku akiongea na simu: "Niko Magomeni hapa, naingia sasa hivi." Kijana chini anahema. Maji yanamfika kijana mapajani. Mheshimiwa anataka kikao kianze bila yeye lakini asikosekane kwenye posho.

Bajaji moja iliingia ikazimika katikati. Dereva akapanda juu ya kiti chake, akakunja mikono, akaanza kungoja kiangazi. Kisha ikaja bodaboda. Abiria wake dada mmoja, kabeba mkoba kichwani. Walikwenda vizuri, watu wa huku kavu wakawa wanashangilia, halafu tairi la mbele likazama lote kwa mkupuo. Shimo. Pengine chemba iliyokosa mfuniko, maana mifuniko ya chemba katika jiji hili imeshaenda kwa wauza chuma chakavu. Dada akaanguka ubavu, maji yakaanza kumburuta kuelekea upande wa mto. Aliyemwahi ni kijana wa mkokoteni. Aliuachia mkokoteni wake, akamkamata dada kwa mkono na kwa gauni, akamvuta hadi kwenye ukingo wa njia ya mwendokasi. Mkokoteni ukaenda na maji. Dada alikuwa analia, bodaboda anatafuta pikipiki, na kijana amesimama anautazama mtaji wake ukielekea daraja la Salenda. Sikuona mtu aliyemchangia hata jero.

Nikageuka kumtafuta muungwana wangu. Alikuwa palepale, upande wa kavu, anarekodi na simu. Nikamuuliza: "Mdogo wangu, mbona wewe huvuki?"

"Mimi nangoja yapungue kidogo, mzee."

Nangoja yapungue! Ameshapitisha umma mzima, yeye anangoja. Wenzake ndio fito ya kupimia kina. Hapo ndipo safu hii ilipoandikwa, nilichobakiza ni kutafuta kalamu.

Sasa kuna wanaosema kwamba maji ya magoti si kitu, sisi ni watu wa pwani. Bahari na bonde la Msimbazi si ndugu. Maji yanayokimbia yakiwa na kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika 30 yanaanza kuinua gari dogo, na kwenye 60 gari kubwa linaelea na kwenda yanakotaka maji. Sentimita 60 ni huko huko magotini na juu yake kidogo, penye uwanja wa muungwana. Tena Msimbazi hauangalii mawingu ya Kariakoo. Unaanzia milima ya Pugu, unapita bondeni na mchanga wake na taka zetu, na unaweza kujaa Jangwani wakati wewe uliyesimama Fire umekunja mwavuli na jua linakuchoma. Ndiyo maana huyo anayesema "mbona mvua imekatika" hajui anachosema. Mvua yake imekatika, ya Pugu ndiyo kwanza inawasili.

Msiniambie pia kwamba hatujawahi kuona. Desemba 2011 jiji hili lilizika watu zaidi ya 40 kwa mafuriko, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Aprili 2024 Waziri Mkuu Majaliwa alisimama bungeni akataja watu 155 waliofariki nchi nzima kwa mvua za msimu ule. Tumeona. Tumeona na tukarudi Fire kuuliza mgongo bei gani.

Na kupita palipofungwa si ugonjwa wa maskini, usinielewe vibaya. Huko kwa wenzetu wenye theluji kuna matajiri wanaolipa fedha nyingi ili wateleze mlimani na mbao miguuni. Mlima una njia zilizopangwa na kuwekewa alama, na sehemu nyingine zinafungwa kwa kamba kwa sababu theluji inaweza kuporomoka au kuna miamba iliyofunikwa. Nao wanainama chini ya kamba, kwa sababu theluji ambayo haijakanyagwa ni tamu zaidi. Michael Schumacher, bingwa wa dunia wa mbio za magari mara 7, mtu aliyeendesha gari kwa kasi ambayo hata bodaboda wa Mbagala anaiheshimu, tarehe 29 Desemba 2013 kule Méribel, Ufaransa, alitoka nje ya njia. Hakwenda mbali, ni mita chache tu, kwenye kipande kilichoko katikati ya njia mbili zilizo na alama. Jiwe lilikuwa chini ya theluji. Aligonga kichwa, kofia ngumu ikapasuka, na hadi leo dunia haijamwona tena hadharani. Waendesha mashtaka walichunguza alama za mlima ule wakakuta ziko sawasawa, wakafunga jalada. Jiwe halikuwa na kosa, lilikuwa limekaa kwake.

Sisi tunayo hata theluji yetu. Januari 2006 mawe yaliporomoka Kilimanjaro, upande wa Western Breach, karibu na kambi ya Arrow Glacier, yakaua wapandaji 3 kutoka Marekani, na wapagazi wetu wakajeruhiwa. Mlima uliwaachia mawe ambayo barafu ilikuwa inayashikilia. Njia ikafungwa hadi mwishoni mwa 2007. Mgeni anachagua njia, mpagazi anabeba hema na kupita hapohapo nyuma yake. Mnaona mahali mkokoteni wa yule kijana unapoingia.

Chanzo cha tabia hii ya kupita palipofungwa nakijua, wala sihitaji semina. Katika jiji hili neno la mwisho halijawahi kuwa la mwisho. Duka la Kariakoo likifungwa mlango wa mbele unagonga wa nyuma. Ofisi ikifungwa unampigia yule binti wa masjala. Geti la pantoni likifungwa pale Magogoni kuna wanaokimbia na kurukia ngazi ikiwa inanyanyuka, na wenzao walio ndani wanawanyooshea mkono na kuwashangilia. Tumekua tukijua kwamba kufungwa ni kwa wale wasiomjua mtu. Basi mtu akiona utepe hajiulizi kuna hatari gani, anajiuliza nani hapa ananifahamu. Sasa mto haufahamiani na mtu, hata uwe umetoka nao Kisarawe.

Najua mtakachoniandikia. Mtasema Serikali nayo ilikwenda kuweka karakana ya mwendokasi mlemle bondeni, mabasi yakaogelea. Ni kweli, na niliwatukana wakati huo, waliokuwepo wanakumbuka. Mtasema barabara inafungwa bila kuambiwa itafunguliwa saa ngapi, mwajiri hasikilizi, mtoto ana mtihani, na kuzunguka Salenda au kupita Buguruni uitafute Mandela hadi Ubungo ni nauli mbili na nusu siku ya kazi. Kweli tupu. Sasa andikeni hayo kwenye barua kwa mwajiri, msiyaandike juu ya mgongo wa kijana.

Ninachotaka ni kidogo. Trafiki wa jiji hili anaweza kukuona taa ya nyuma haiwaki ukiwa mtaa wa pili, na faini yako imekwenda. Jicho hilohilo naomba liletwe Fire siku za masika, limwangalie mwenye vidole viwili. Faini hiyohiyo kwa kila kichwa alichokipitisha chini ya utepe. Yule wa wiki hii angeondoka na deni la kuuzia kiwanja, na kutokana na fedha hizo, kabla hazijafika popote, anunuliwe kijana mkokoteni.

Nilimsomea Shemeji haya yote juzi jioni. Shemeji ni mtu aliyewahi kupita uwanja wa ndege na jiko la mkaa. Alinisikiliza kwa upole, akamaliza kahawa yangu, akaniambia nina chuki na maendeleo ya watu. Yeye Jangwani huwa anavuka, ana kijana wake maalumu, wanaelewana bei, na mara moja tu ndipo alipopoteza kiatu. Nikaona nimbadilishie mada. Nikamwambia kuna daraja jipya la Jangwani, mita 390, kwa fedha za mradi wa bonde la Msimbazi, na litakapokamilika maji yatapita chini na watu watapita juu, hakuna tena utepe wala mgongo.

Shemeji akafurahi sana. Akauliza kama ni lazima kusubiri lizinduliwe, maana yeye na mlinzi wa pale wametoka kijiji kimoja.