Mgema Aliyekataa Kulitia Tembo Maji

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo zikikutana mahali pamoja hazikosi kugombana. Ya kwanza yasema kuwa ahadi ni deni. Ya pili yatuonya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sasa, mtu aliyefanya kazi njema akasifiwa, kisha ikaahidiwa kwamba kazi ile ile itaongezwa, afanyeje pale anapong'amua kuwa nyongeza yenyewe haitakuwa tembo bali maji? Je, alipe deni, au aliache tembo lilivyo?

Swali hili nimelikuta mahali ambapo walimu wenzangu wengi wasingelitafuta, yaani katika historia ya michezo ya video. Najua wapo watakaokunja uso wakisoma maneno haya. Kwa wengi wetu mchezo wa video ni mwizi wa wakati wa mwanafunzi, na sina nia ya kumtetea mwizi huyo leo. Ninachoomba ni kuwa tuwatazame walioiunda michezo hiyo, kwa sababu nao ni mafundi, na aghalabu fundi huwa ana la kumfunza mwalimu.

Tarehe 21 Novemba 1998, kampuni ya Nintendo yenye makao yake mjini Kyoto, Japani, ilitoa mchezo uitwao The Legend of Zelda: Ocarina of Time. Ni kisa cha kijana wa msituni, jina lake Link, anayepita katika mapango na mahekalu yaliyojaa mafumbo ili aiokoe nchi ya Hyrule. Katikati ya safari yake anauchomoa upanga uliochomekwa katika jiwe, analala miaka saba na kuamka akiwa mtu mzima. Tangu hapo huwa anavuka kutoka utotoni hadi utu uzima, kisha akarudi, kama mtu avukaye mto kwa mashua. Nakala zaidi ya milioni 7 ziliuzwa, na hadi leo wanaoandika orodha za michezo bora kupita yote ni nadra kuusahau.

Hata kabla sifa hizo hazijapoa, mpango wa nyongeza ulikuwa umekwisha kutajwa. Nyongeza hiyo iliitwa Ura Zelda. Neno ura katika Kijapani lina maana ya upande wa nyuma, ule ambao mtazamaji hauoni. Iliazimiwa kuwa itatolewa katika diski, na kusomwa kwa kifaa kiitwacho 64DD ambacho kingepachikwa chini ya mtambo wa michezo wa Nintendo 64. Kaseti ya Ocarina of Time ilichukua megabaiti 32, ilhali diski ingechukua megabaiti 64, na tena ingeweza kuandikwa juu yake. Mwenye kaseti angeiongeza diski, na mapango aliyokwisha kuyazoea angeyakuta yamepangwa upya. Watengenezaji walikuwa na hakika na jambo hilo kiasi kwamba ndani ya kaseti yenyewe waliacha maagizo ya kuitambua diski itakapofika.

Wala haukuwa mtindo mgeni. Zelda ya kwanza, iliyotolewa mwaka 1986, ilikuwa na safari ya pili kwa yule aliyeimaliza ya kwanza. Chanzo chake ni kosa. Takashi Tezuka alipokuwa akiyapanga mapango ya mchezo huo alitumia nusu tu ya nafasi aliyokuwa nayo. Badala ya kumrudisha akaianze kazi upya, mkuu wake Shigeru Miyamoto aliamua kuwa nusu iliyosalia iwe safari ya pili yenye mapango mengine. Kwa hiyo, kuahidi upande wa nyuma wa Ocarina of Time kulikuwa ni kuufuata mwendo wa nyumba hiyo.

Lakini kifaa kilichelewa. Kilitangazwa mwaka 1995, kikaahirishwa mara kwa mara, na hatimaye kikatolewa Desemba 1999, nacho kwa Wajapani peke yao. Wanunuzi walikuwa wachache mno, na diski zilizopata kutolewa hazikuzidi kumi. Ilipofika Februari 2001 shughuli zake zilikuwa zimefungwa. Diski ya Ura Zelda haikuwamo miongoni mwa hizo kumi. Iliondolewa kimyakimya, na waliokuwa wakiingojea wakabaki na kaseti iliyojua kuitambua diski ambayo haikufika.

Hadi hapo yaweza kudhaniwa kuwa hiki ni kisa cha biashara iliyoharibika tu. Nisingekiandika lau isingekuwa kwa ajili ya mtu mmoja, Eiji Aonuma. Bwana huyu ndiye aliyekuwa na dhamana ya mapango na mahekalu ya Ocarina of Time. Mchezo ulipokwisha, aliagizwa ayapange upya kwa ajili ya nyongeza. Yeye mwenyewe amepata kueleza, miaka mingi baadaye, kwamba moyo wake haukuwamo katika kazi ile. Mapango yale alikuwa ameyaunda kwa uwezo wake wote, na sasa alitakiwa ayavuruge apate mengine. Hakugoma. Alianza kwa siri kuchora mapango mapya ambayo hayakuwamo katika Zelda, na yalipomkolea akamwendea Miyamoto akaomba ruhusa ya kuunda mchezo mwingine kabisa.

Jibu alilopewa lastahili kubandikwa katika chumba cha walimu. Hakuambiwa la, wala hakuambiwa afanye apendavyo. Aliambiwa kuwa anaweza, iwapo ataumaliza kwa mwaka mmoja. Ikumbukwe kuwa Ocarina of Time ilikuwa imechukua miaka kadhaa.

Mwaka mmoja hautoshi kuunda kila kitu. Kwa hiyo Aonuma na wenzake walizichukua sura, miili na zana zilizokwisha kuundwa kwa ajili ya mchezo uliotangulia, wakazivika maisha mapya katika nchi nyingine. Yoshiaki Koizumi, aliyekuwa akishughulikia mchezo mwingine wenye muda mfupi unaorudiwarudiwa, aliitwa ajiunge nao, akaja na wazo lake. Ndipo ukazaliwa mchezo uitwao Majora's Mask, uliotolewa Japani tarehe 27 Aprili 2000. Mwezi wa mbinguni unauangukia mji, na zimesalia siku tatu. Mchezaji huishi siku hizo tatu, kisha huurudisha wakati nyuma hadi siku ya kwanza na kuanza tena. Hapo awali siku zilikusudiwa kuwa saba, lakini baadaye zikapunguzwa. Katika mji huo kila mkazi ana ratiba yake. Ukimfuata mmoja leo utamkosa mwingine, na kesho ukirudi unajua lile ambalo jana hukulijua.

Hapa ndipo nilipoketi nikatafakari. Mtu aliyekataa kurudia kazi yake aliongoza kuundwa kwa mchezo ambao habari yake yote ni kurudia! Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa. Katika nyongeza aliyoagizwa, mahali ndipo pangebadilika huku fundi akibaki pale pale alipokuwa. Katika mchezo alioomba kuunda, mahali ni pale pale na siku ni zile zile, lakini anayerudi amekwisha kubadilika, kwa kuwa amejifunza kitu. Sisi tunaofundisha, ambao mkate wetu ni marudio, tofauti hiyo yatuhusu sana.

Na ile Ura Zelda iliishia wapi? Haikupotea kabisa. Novemba 2002 walioagiza mapema mchezo wa The Wind Waker nchini Japani walipewa Ocarina of Time katika diski ya mtambo mpya wa GameCube, pamoja na toleo lililobeba lile jina la Ura. Mwaka 2003 toleo hilo lilifika Marekani na Ulaya kwa jina la Master Quest, na mwaka 2011 likaingizwa tena katika chapa mpya ya mchezo huo. Kisa ni kile kile, watu ni wale wale na maneno ni yale yale. Kilichohamishwa ni mitego, milango na maadui. Apendaye ugumu ataufurahia, nami simlaumu. Lakini lilitolewa kama kitu cha kuongezea juu ya mzigo mwingine, jinsi muuza nyanya anavyokuongezea moja juu ya fungu ulilonunua.

Najua msomaji makini atanikumbusha methali ya kwanza. Ahadi ni deni, atasema, na aliyenunua kifaa cha 64DD kwa matumaini ya kuipata Zelda ana haki ya kunung'unika. Nakubaliana naye. Waliokosea, hata hivyo, ni wale waliouambia umma habari za kitu kilichotundikwa kwenye kifaa ambacho hakijakamilika. Ulimi uliahidi kabla mkono haujamaliza. Kosa hilo halimhusu fundi aliyekiri kuwa hana jipya la kutia ndani ya yale mapango.

Msomaji mwingine atanipinga kwa hoja yenye uzito zaidi. Atasema kuwa diski ile haikuzuiwa na Aonuma bali na kushindwa kwa kifaa, kwa hiyo sina sababu ya kumvika kilemba. Ni kweli kuwa biashara ndiyo iliyoifuta diski. Lakini hebu tujiulize. Lau mtu huyu angaliutumia mwaka ule kuyapangapanga mapango ya zamani, kifaa kiliposhindwa angalibaki na nini mkononi? Angalikuwa na kazi iliyokwisha ambayo haina mahali pa kuwekwa. Yeye alichagua kufanya kazi kwa vitu alivyokuwa navyo, na kwa kaseti ambayo watu walikuwa wamekwisha kuwa na mtambo wake nyumbani. Ndiyo maana kazi yake iliwafikia watu miaka miwili na zaidi kabla ya nyongeza.

Naomba sasa nikiri kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilimwambia mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aiandike tena insha yake. Ilikuwa nzuri; ndiyo iliyopata alama za juu darasani. Nilitaka airudie ili iwe nzuri zaidi, niipeleke kwa walimu wenzangu. Baada ya siku mbili aliniletea karatasi, nikaona kuwa kichwa ni kingine.

"Mwalimu," aliniambia, "ile nimekwisha kuimaliza. Nimeandika nyingine."

Nilimuuliza kama hiyo ndiyo niliyomtuma, nikamrudishia karatasi yake bila kusoma hata mstari mmoja. Aliileta ile ya zamani siku iliyofuata, imenakiliwa kwa mwandiko safi, na maneno mawili matatu yamebadilishwa. Nikaipokea, nikamsifu. Sikupata kuona tena kutoka kwake insha iliyoshinda ile, na ile nyingine sikupata kujua ilisema nini.

Nimeikumbuka karatasi ile kila niliposoma habari za Aonuma. Leo najua nilipaswa kumjibu namna gani. Ningaliipokea, kisha nikamwambia: haya, lakini iwe imekamilika Ijumaa, isizidi kurasa mbili, na ile misamiati tuliyojifunza muhula huu niione humo. Huo ndio ungalikuwa mwaka wake mmoja.

Wanafunzi wasinielewe vibaya wakadhani kuwa nimewapa kibali cha kukataa mazoezi. Anayejifunza kugawa kwa tarakimu mbili hana budi kugawa mara hamsini, kwa kuwa mara ya hamsini bado ana analolipata. Aonuma hakukataa kazi akaenda kulala. Alipoingia kwa mkuu wake alikuwa amekwisha kuanza, na alipopewa muda mfupi hakulalama. Vifaa alivyokosa aliviziba kwa vile vilivyokuwapo. Kwa hiyo, mwanafunzi anayemwambia mwalimu wake kuwa amechoka na jambo la zamani na aje na lake mkononi, hata kama ni nusu ukurasa. Asiye na kitu mkononi na arudie zoezi.

Nanyi walimu wenzangu, kazi yetu katika jambo hili ni ngumu zaidi, kwa sababu ni sisi tunaopenda sana kuona kazi nzuri ikirudiwa. Mwanafunzi akishinda katika mashairi, mwaka ujao twataka shairi lile lile lenye beti mbili zaidi. Mchezo wa kuigiza ukipigiwa makofi, twauongezea onyesho. Tunadhani tunamheshimu mwenye kazi, kumbe tunamfunga kwenye kazi hiyo kama ng'ombe afungwavyo kwenye mambo. Kabla ya kumwagiza airudie, tumuulize swali moja tu: je, bado kuna unalojifunza humo? Jibu likiwa la, tumpe kazi nyingine, tumpe na tarehe ya kuileta.

Mgema aliyesifiwa ana njia mbili. Anaweza kulitia maji tembo la jana ili litoshe wanywaji wote waliokuja kwa sifa zake, au anaweza kuuacha mnazi ule na kuukwea mwingine. Akichagua hiyo ya pili tusimvute miguu kwa kuwa tuliahidiwa kibuyu kingine cha tembo la jana. Tumkabidhi kotama yake, tumwambie jua linatua saa ngapi, nasi tungoje chini.