Kalibu ya Chubwi Haitaki Mafuta

Mvuvi wa mshipi hawezi kufanya kazi bila chubwi. Ndiyo uzito unaozamisha ndoana na chambo mpaka walipo samaki. Nayo ikinasa mwambani, mshipi hukatika na chubwi hupotea. Kwa sababu hiyo wavuvi wengi huona faida kuyeyusha risasi nyumbani na kujitengenezea chubwi zao. Kazi hiyo si ngumu, lakini yataka utaratibu, na utaratibu wenyewe huanza kwenye kalibu, kabla moto haujawashwa.

Watu wengi hudhani kwamba kalibu ikipakwa mafuta mengi chubwi itatoka kwa urahisi, kama mkate utokavyo katika chombo kilichopakwa samli. Sivyo. Risasi huyeyuka kwenye joto la digrii 327 za sentigredi. Mafuta yakikutana na joto hilo huungua na kuwa moshi, na moshi uliofungiwa ndani huizuia risasi isijaze kalibu. Chubwi hutoka ina makunyanzi na matundu.

Kalibu mpya ya chuma aghalabu huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Yapasa ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, isuguliwe kwa mswaki mkuukuu, kisha ikaushwe kabisa. Halafu sehemu yake ya ndani ipitishwe juu ya mwali wa mshumaa au koroboi mpaka ishike masizi membamba. Utando huo ndio unaoiwezesha risasi kutiririka vizuri, na kisha kubanduka. Mafuta yana mahali pake: tone moja kwenye bawaba inayounganisha vipande viwili vya kalibu, wala yasiingie ndani.

Baada ya hayo kalibu iwekwe karibu na moto ipate joto. Risasi ikimiminwa katika kalibu baridi hugandamana kabla haijafika pembeni. Chubwi za kwanza zikiwa mbaya fundi asikate tamaa. Zikiwa kavu, hurudishwa chomboni na kuyeyushwa tena.

Adui mkubwa wa kazi hii ni maji. Tone moja likinaswa chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 kuliko maji yenyewe. Risasi hurushwa juu kwa kishindo, na jicho lililo karibu laweza kupofuka. Basi kijiko kipashwe moto kabla ya kutiwa chomboni, mchanga wenye unyevu usitumiwe kuwa kalibu, na kazi isifanywe penye manyunyu. Fundi avae viatu, nguo za mikono mirefu na miwani ya kukinga macho.

Tena risasi ni sumu, nayo hudhuru zaidi ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiasi chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari kiliwadhuru wakazi wengi kabla ya kufungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo haifai kamwe kuvunja betri nyumbani ili kupata risasi.

Kazi hii ifanyiwe nje, upepo ukipeperusha moshi mbali na nyumba, na watoto wasikaribie. Chombo kilichoyeyushia risasi kisipikiwe chakula tena, hata kikisuguliwa namna gani. Fundi asile wala asivute sigara akiwa kazini, na akimaliza anawe mikono kwa sabuni na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto wake. Chubwi iliyopotea mwambani hupatikana nyingine dukani. Jicho la fundi na akili ya mtoto haziuzwi popote.